Jangili Haji Bila Mwenyeji

Msikilizaji, kama una sarafu ya shilingi tano mfukoni, ya zile mpya zilizotolewa Desemba 2018, itoe uitazame. Upande mmoja utamwona kifaru. Hapa sokoni Shinyalu sarafu hiyo inazunguka kutwa. Watoto wanaileta dukani wapewe peremende, mama wa mandazi anairudisha kama chenji, kondakta anaitupia kwenye kisanduku cha gari. Wengi wetu tunaoipokea hatujawahi kumwona kifaru mwenyewe, na katika kaunti hii ya Kakamega hayupo hata mmoja. Kwa hiyo nikimtaja kifaru kwenye redio, najua swali litakalofuata: mnyama wa Laikipia na Tsavo anatuhusu nini sisi tunaolima mahindi na chai huku Isukha?

Leo nalijibu swali hilo bila kuzunguka. Anatuhusu kwa sababu mtu anayemuua kifaru hashuki kutoka mawinguni. Anaingia katika kijiji fulani, anapokewa, anapikiwa, anaonyeshwa njia. Ujangili wote wa nchi hii umesimama juu ya mwenyeji. Na mwenyeji ni mtu kama wewe nami, mwenye shida za karo na mbolea kama zetu.

Tuanze na hasara yenyewe, maana ukubwa wake umesahaulika. Mwaka 1970 Kenya ilikadiriwa kuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule, alipofikia umri wa kuchukua kitambulisho, walikuwa wamebaki chini ya 400. Hakukuwa na ugonjwa, wala ukame wa kuweza kuwamaliza vile. Walipigwa risasi, wakakatwa pembe kwa shoka, mizoga ikaachwa ioze.

Biashara ya kipusa, yaani pembe ya kifaru, ni ya kale sana katika pwani yetu. Kitabu cha mabaharia wa Kiyunani cha karne ya kwanza, Periplus, kinataja kipusa miongoni mwa bidhaa zilizonunuliwa katika bandari ya Rhapta, mahali fulani pwani ya Tanzania ya leo. Lakini kwa karne zote hizo vifaru hawakwisha. Kilichowamaliza ni pesa za ghafla na bunduki za kisasa kukutana. Miaka ya 1970 bei ya mafuta ilipopanda, vijana wengi wa Yemen walikwenda kufanya kazi Saudi Arabia, wakarudi na pesa, kila mmoja akitaka jambia lenye mpini wa kipusa, fahari ambayo zamani ilikuwa ya wakubwa tu. Huko Asia ya Mashariki waganga walikihitaji cha kusaga, wagonjwa wanywe kushusha homa. Na hapa nisahihishe jambo moja ninalolisikia sana kwenye vijiwe vya bodaboda: kwamba kipusa kinatafutwa kwa ajili ya nguvu za kiume. Hilo silo lililojaza soko. Miaka ya karibuni soko kubwa limekuwa Vietnam na China. Vietnam ulienea uvumi kwamba kinatibu saratani, na matajiri wakaanza kuzawadiana ili waonekane wana uwezo. Kumbe kitu kinachounda pembe ya kifaru ni kile kile kinachounda kucha zako. Mtu anaweza kuzitafuna kucha zake mwenyewe bila kumuua yeyote, na akapona kwa kiasi kile kile.

Serikali haikukaa kimya kabisa. Uwindaji ulipigwa marufuku 1977, mwaka uliofuata maduka ya nyara yakafungwa, na biashara ya kipusa kati ya nchi na nchi ikakatazwa chini ya mkataba wa CITES mwaka huo huo wa 1977. Na bado mauaji yaliendelea kwa zaidi ya miaka kumi. Hilo ndilo linalonifanya nisiamini kwamba sheria peke yake inatosha.

Nataka nikueleze habari za Mkenya mmoja aliyelielewa hilo mapema kuliko wakubwa wa ofisini. Jina lake ni Michael Werikhe, na msikilizaji wa Bungoma hatalishangaa jina hilo, ingawa mwenyewe alizaliwa Mombasa, mwaka 1956. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kwenye ghala la serikali la nyara, akizipanga na kuzipima pembe za ndovu na vipusa. Fikiria kijana mwenye kupenda wanyama tangu utotoni, anaamka kila asubuhi kwenda kupima uzito wa wanyama waliokufa. Hakuvumilia. Aliondoka, akaajiriwa kwenye kiwanda cha kuunganisha magari pale pale Mombasa. Kisha Desemba 1982 akachukua likizo, akaanza kutembea kwa miguu kwenda Nairobi. Hakuwa na shirika nyuma yake wala gari la kumsindikiza kwa fahari. Alitembea barabara ile ya Voi na Mtito Andei, akisimama kuzungumza na watu kuhusu kifaru. Katika safari zake alijulikana kwa chatu wake aliyemfuga, na unaweza kukisia jinsi watoto wa vijijini walivyokusanyika.

Mwaka 1985 alitembea Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 1988 akatembea Ulaya, 1991 Amerika ya Kaskazini, akichangisha pesa za kuwalinda vifaru. Mwaka 1990 alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Agosti 1999 alivamiwa na majambazi karibu na nyumba yake Mombasa, akafa kwa majeraha. Alikuwa na miaka 43.

Mimi humkumbuka Werikhe kwa kitu kimoja. Wakati wengine waliamini kwamba kifaru ataokolewa kwa ndege, bunduki na wafadhili, yeye alikwenda kuongea na mtu wa kando ya barabara. Aliona kwamba mtu huyo ndiye mlango. Akiufungua, jangili anapita. Akiufunga, jangili anabaki nje na bunduki yake.

Sasa tuje nyumbani. Msitu wa Kakamega ulitangazwa hifadhi mwaka 1933. Upande wa kaskazini, Buyangu, ulifanywa hifadhi ya wanyama mwaka 1985 na unasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Sisi wa upande wa Isecheno tuko na Huduma ya Misitu, KFS. Wageni wanakuja kutoka Ulaya na Marekani kuona ndege, vipepeo na mbega wetu, na wanaondoka wakiusifu. Hawajui kilichopungua. Ndovu na nyati walitoweka zamani. Chui alionekana mara ya mwisho mapema miaka ya 1990, na watu wenye umri wangu walikuwa wameshazaliwa. Hakuna tajiri wa ng'ambo aliyekuja kumaliza wanyama wa msitu huu. Waya wa kutega paa ulinunuliwa kwenye maduka yetu, ukatiwa kitanzi na mikono yetu, na waya hauchagui mguu unaoukanyaga. Jirani alimjua jirani yake anayetega, akanyamaza, kwa sababu naye aliletewa paja la nyama jioni.

Yaliyoupata mti wa mwiritia nayo tuliyaona. Wanunuzi walitaka magome yake kwa ajili ya dawa za tezi dume zinazouzwa Ulaya. Mti unaobanduliwa gome kuzunguka shina lote hufa ukiwa umesimama. Ukienda msituni leo ipo iliyobaki na makovu. Aliyewaonyesha wanunuzi miti mikubwa iko wapi, kwenye msitu wa kilomita za mraba zaidi ya 200, alikuwa nani? Hawangeweza kuipata peke yao.

Mukombero ni mfano ulioishia pazuri kidogo. Mizizi ile tunayoiuza kando ya barabara, inayotafunwa na wazee kwa vijana, ilichimbwa msituni hadi ikawa adimu, maana ukichimba mzizi wote mmea umekwisha. Ndipo wakulima wa pembezoni mwa msitu wakaanza kuupanda shambani. Uhitaji haukupungua, lakini mwenye kuupanda akageuka mlinzi wake. Kifaru hawezi kupandwa shambani. Anabeba mimba miezi 15 au 16, anazaa ndama mmoja, na huchukua miaka miwili na nusu au mitatu kabla ya kuzaa tena. Jangili akiua majike kumi usiku mmoja, pengo lake halizibwi msimu ujao kama la mahindi.

Hapa wapo watakaoniambia: basi, tuwafuge, tukate pembe, tuuze kihalali, kwani pembe huota tena. Hoja hiyo ina watetezi wakubwa Afrika Kusini, ambako mfugaji mmoja tajiri alifikisha vifaru weupe wapatao 2,000 akitumaini soko la kimataifa litafunguliwa. Halikufunguliwa, na mwaka 2023 shirika la African Parks likawanunua wanyama wake ili liwasambaze kwenye hifadhi. Kenya imepinga biashara hiyo miaka yote, na naiunga mkono. Ukiuza kipusa kimoja kwa stakabadhi, umewaambia wanunuzi wote kwamba kipusa ni mali ya kutamaniwa, na mwenye bunduki atakuja kuuza vyake chini ya stakabadhi hiyo hiyo.

Nirudi kwenye jambo la mwenyeji, maana ndilo kiini. Hapa Shinyalu mtu akikuletea habari za fahali wa mapigano hasemi ameona fahali. Anamtaja kwa jina, anakuambia ni wa boma gani, alipigana na nani mara ya mwisho, na kama alikimbia. Ngoma za isukuti zikianza kupigwa asubuhi, hata mama aliye jikoni anajua nani anapelekwa uwanjani. Fahali wa namna hiyo hawezi kuibwa akapitishwa Khayega bila mtu kuuliza. Analindwa kwa kujulikana.

Askari wa wanyamapori wamejenga ulinzi wa kifaru kwa njia hiyo hiyo. Katika hifadhi zetu kila kifaru anapewa jina au nambari. Daktari wa mifugo anapomlaza kwa dawa, humkata masikio vipande vidogo kwa mpangilio maalumu, kila mnyama na mpangilio wake, na wengine huwekewa kifaa cha mawimbi ndani ya pembe. Askari akiwa mbali na darubini anasoma sikio kama mwalimu anavyosoma nambari ya mtahiniwa. Wakati mwingine haoni mnyama kabisa. Anaona kinyesi. Kifaru hurudi kujisaidia mahali pale pale, na kifaru mweusi hukitawanya kwa miguu ya nyuma. Askari anainama, anavunja bonge kwa kijiti. Kukiwa na nyasi tupu, ni kifaru mweupe. Kukiwa na vipande vya vijiti vilivyokatwa mshazari, safi kana kwamba kwa mkasi wa kupogolea, ni mweusi, maana yeye anakula vichaka, anavuta tawi kwa mdomo wake wa juu uliochongoka na kulikata kwa magego. Bonge likiwa bado lina joto na unyevu, mnyama yuko karibu, na askari anajua aende kinyume cha upepo. Kazi hiyo inafanywa kila siku ya mwaka, kwenye mvua na kwenye siafu, na kifaru akikosekana kwa siku chache tu msako unaanza.

Sasa jiulize. Mtu aliyetoka mbali, hajui hifadhi, atampataje mnyama huyo usiku, ndani ya uzio, kati ya doria mbili, na kutoka kabla ya mapambazuko? Hawezi. Anahitaji kuambiwa yuko wapi leo, doria imebadilishwa saa ngapi, uzio umelegea wapi. Habari hizo zinauzwa. Zimeuzwa na wachungaji, na vibarua, na wakati mwingine na watu waliovaa sare. Polisi na askari wa wanyamapori wamewahi kufikishwa mahakamani nchini humu kwa kesi za nyara. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Aliyeuza habari hupata kiasi cha kununua pikipiki kuukuu, pengine na bati za nyumba. Kipusa chenyewe kinapanda bei kila mpaka kinapovuka, hadi kinapofika Hanoi, Vietnam, kimekuwa mali ambayo ukoo mzima wa muuza habari hautaiona.

Na akikamatwa, yeye ndiye anayefungwa. Sheria ya wanyamapori ya 2013, ilipoanza kutumika Januari 2014, iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha, au vyote viwili, kwa anayetiwa hatiani kwa kosa linalohusu mnyama aliye hatarini kutoweka. Mnunuzi wa Hanoi halifahamu gereza letu. Kijana wa kuonyesha njia ndiye atakayezeekea humo. Natamani hilo lisemwe kwenye baraza la chifu na kwenye vikao vya nyumba kumi kwa sauti ile ile inayotumiwa kutangaza ruzuku ya mbolea.

Sheria hiyo haikuja bure. Mwaka 2013 Kenya ilipoteza vifaru 59, na wimbi lilikuwa bado linapanda: mwaka uliofuata Afrika Kusini peke yake ilipoteza 1,215. Aprili 30, 2016, katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, Kenya ilichoma tani 105 za pembe za ndovu na zaidi ya tani moja ya vipusa mbele ya macho ya dunia. Moshi ule ulilaumiwa na wengi waliosema pesa zinateketea na watoto wanakosa madarasa. Nawaelewa, lakini ghala la vipusa ni ghala la nani? Ni kama lile alilofanyia kazi Werikhe, la kupima maiti. Miaka minne baadaye, 2020, hakuna kifaru hata mmoja aliyeuawa na majangili nchini Kenya, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa zaidi ya miaka ishirini. Ukimya wa barabara na viwanja vya ndege wakati wa korona ulisaidia, lakini doria na majirani walikuwa wamefanya kazi yao kwa miaka mingi kabla ya hapo.

Kufikia mwisho wa 2022 nchi ilikuwa na vifaru zaidi ya 1,800 wa aina zote, weusi wakiwa 938. Wale wawili waliobaki duniani wa aina ya weupe wa kaskazini, Najin na binti yake Fatu, wako Ol Pejeta, Laikipia. Wote ni majike. Dume la mwisho, Sudan, baba yake Najin, alikufa Machi 19, 2018. Wataalamu wanajaribu kupandikiza viinitete vya maabara kwa majike wa aina nyingine. Naomba Mungu wafaulu, ila nisingependa tufikie mahali pa kuomba hivyo kwa mnyama mwingine wa nchi hii.

Wala serikali isidhani makosa ni ya majangili tu. Katikati ya mwaka 2018 vifaru 11 walihamishwa kutoka Nairobi na Nakuru kupelekwa Tsavo Mashariki, na wote 11 wakafa. Maji waliyoyakuta yalikuwa na chumvi kali. Kadiri walivyokunywa ndivyo kiu ilivyozidi. Hawakuguswa na risasi hata moja. Watu waliolinda kila mmoja wa wanyama wale kwa miaka mingi pengine walizisikia habari hizo kwenye redio, kama sisi. Ukimtaka mwananchi awe mwaminifu kwa kifaru, na ofisi nayo iwe mwaminifu kwake, iseme ukweli mapema, na imlipe haraka anapoharibiwa shamba. Mtu wa Isecheno anayekesha Agosti akifukuza nyani kwenye mahindi, kisha akaona malalamiko yake yanazeeka kwenye faili, utamwambiaje kwamba wanyama ni mali yake?

Jirani zetu wa Uganda walifika chini kabisa. Vifaru wao wote walikuwa wameshauawa kufikia 1983, katika miaka ya vita. Walianza upya 2005 kwenye hifadhi ya Ziwa, Nakasongola, kwa vifaru wanne walionunuliwa kutoka ranchi ya Solio hapa Kenya, wakaongezewa wawili kutoka Florida. Juni 2009 jike mmoja wa Florida alizaa na dume wa Kenya, ndama wa kwanza kuzaliwa Uganda kwa zaidi ya miaka 25. Wakamwita Obama. Tangu hapo wamezaliana wakawa makumi. Kumbe inawezekana, lakini tazama bei yake: nchi nzima kununua tena, mmoja mmoja, kile ilichokuwa nacho bure.

Na sisi hatuko mbali na vifaru kama tunavyodhani. Wako Ruma, bonde la Lambwe, kaunti ya Homa Bay, hifadhi ya kilomita za mraba 120 ambako zamani mbung'o walimfukuza mfugaji. Mwanzoni mwa 2012, ujangili ulipozidi Laikipia, vifaru weusi wa ranchi ya Mugie walipakiwa kwenye makreti na kuletwa huku magharibi, kwa kuwa huku kulionekana salama zaidi. Usalama huo ni imani waliyopewa watu wa Lambwe, na sisi wa magharibi wote tunaopita njia hizo na kufanya biashara kwenye masoko hayo. Mgeni anayetafuta mtu wa kumwelekeza Ruma anaweza kuanzia Kisumu, anaweza kuanzia Kakamega.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wakuu wa Shinyalu, Ileho, Murhanda na Khayega. Kila muhula wa tatu mnachangisha pesa za safari, na watoto wanapelekwa kutazama jumba la maduka Kisumu na uwanja wa ndege. Mwaka huu wapelekeni Ruma. Andikeni barua mapema kwa ofisi ya hifadhi, mumwombe askari wa doria awaonyeshe watoto namna ya kusoma sikio la kifaru na kuvunja bonge la kinyesi kwa kijiti, kisha mkirudi wapeni nafasi ya kuwasimulia wazazi siku ya mkutano wa shule. Basi likitoka hapa sokoni saa kumi na moja alfajiri, kabla ya saa sita mchana litakuwa limefika.